Macho ya Kuonyesha Wageni

Lusia alikuwa anakata viazi vya michembe, vya kuanikwa juani, bila kuviangalia. Kisu mkono wa kulia, kiazi mkono wa kushoto, kidole gumba kikitangulia kupima unene, na uso ameuelekeza ukutani kwa sababu ukutani hakuna mwanga. Kila alipopepesa jicho la kulia, kope zilikwaruza kioo cha jicho. Alikuwa amejifunza kutopepesa. Mtu anaweza kujifunza. Unakaza uso, unawaza viazi, halafu jicho linajifunga lenyewe, chozi linatoka, unaanza upya.

Jicho la kushoto halikuwa na shida tena. Lilikuwa jeupe tangu kabla mwanawe Mayala hajaoa, na jicho likishakuwa jeupe halisumbuliwi na mwanga wala moshi.

La kulia ndilo lililopasuliwa. Ilikuwa mwaka ule mvua ilipozidi mpaka majaruba ya mpunga yakabomoka. Timu ya vikope, ugonjwa unaogeuzia kope ndani ya jicho, ilikuja ikafungua darasa moja la shule ya msingi, ikaunganisha madawati, wanawake wakalazwa juu yake, wakachomwa sindano kwenye ngozi ya jicho, wakakatwa, wakashonwa. Paskazia, jirani yake, alilala dawati la pili. Operesheni ya Paskazia ilishika. Kope zake ziligeuka zikatazama nje kama za ndama, na mpaka leo anapepeta na kuchambua mchele wake mwenyewe. Ya Lusia ilishika msimu mmoja. Halafu kope zikarudi, moja moja, fupi na ngumu kuliko zile za kwanza, na pale kisu kilipopita pakabaki pengo ukingoni mwa jicho, ngozi haifiki chini. Akilala, jicho halifungi lote. Mjukuu wake alimkuta hivyo mchana mmoja, akatoka mbio akipiga kelele kwamba bibi amelala huku anatazama. Bernadina, mke wa Mayala, alimzaba mtoto kofi, akamwambia maneno hayo asiyarudie mbele ya watu.

Hakumweleza kwa nini. Ng'ambo ya mbuga kulikuwa na mjane mwenye macho mekundu, na macho mekundu watu husema ni ya mchawi. Alikuwa anapikia mavi makavu ya ng'ombe, kama wote wasio na kuni, na moshi ulimla macho. Ng'ombe wa jirani wakafa. Kuku akapasuliwa kwa mganga, kuku akaonyesha upande wa kwake. Sasa pale alipokuwa na nyumba watu wanalima choroko, na choroko inakubali sana.

Kwa hiyo Bernadina alikuwa anamng'oa Lusia kope. Alikuwa na kibano kilichofuliwa na mhunzi wa Tinde, na kwa zile fupi zisizoshikika alichovya vidole kwenye majivu ili visiteleze. Zikitoka, jicho linatulia, wekundu unapungua, Lusia anaweza kwenda kisimani akiwa mtu kama watu wengine. Zikiota tena, anakaa ndani na kutazama ukuta.

Magesa, afisa afya wa kata, alikuja na pikipiki asubuhi ya soko. Hakushuka. Aliongea huku mguu mmoja uko chini na injini inaunguruma.

"Bibi Lusia! Shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Jumamosi mfike zahanati. Wageni wanakuja kuwaangalia wote tuliowapasua. Ambaye kope zimemrudia anapakiwa kwenye gari siku hiyohiyo, anakwenda kurudiwa hospitali kubwa. Kila kitu juu yao."

"Zimenirudia," Lusia alisema.

"Utawaonyesha wao. Mimi macho yangu ya nini?" Akacheka. "Ila mje wasafi. Safari ile kuna bibi alikuja na tongotongo mpaka kidevuni, mgeni akaniuliza mimi, afisa, kama huku hakuna maji."

"Si hakuna," Bernadina alisema toka jikoni.

"Shemeji, hilo muulize mtu wa maji. Mimi ni wa afya."

Pikipiki ikaondoka. Vumbi likaingia ndani, Lusia akaziba jicho kwa kiganja.

Bernadina alikaa kitako mbele yake. Alikuwa na neno ambalo wote wawili walilijua. Mayala alikuwa Runzewe, kwenye machimbo, ameingia duara, shimo la dhahabu, na wenzake, na alishatuma ujumbe mara nyingi kwamba mkewe aende akapike chakula cha wachimbaji, maana hapo kijijini mpunga umekauka mwaka wa pili. Bernadina angeweza kwenda na watoto. Kumwacha mama mkwe peke yake mwenye jicho moja, hilo watu wanafanya. Jicho moja linatosha kuwasha moto. Linatosha kuona njia ya choo, na kuona ni nani anayeingia uani.

"Ukirudiwa likapona, mayu, mimi nitakwenda," Bernadina alisema. "Na lisipopona..."

"Litapona. Si umesikia kuna gari."

"Nimesikia."

Ijumaa mchana Bernadina aliweka kigoda mlangoni, penye mwanga, akamwita mama mkwe wake. Kibano kilikuwa kimeshaoshwa. Majivu yalikuwa kwenye kifuniko cha chupa.

"Leo usining'oe," Lusia alisema. "Daktari ataona nini?"

"Mayu, kata nzima itakuwa pale. Mpaka yule mganga na wateja wake. Sikupitishi mbele yao na jicho linalovuja damu."

"Si damu."

"Wao watasema ni nini?"

Lusia akafuta shavu kwa ukingo wa khanga.

"Halafu daktari ana taa yake," Bernadina aliendelea. "Ataona mpaka mizizi. Kwani mtoto akiharisha unampeleka kliniki na mavi yake matakoni, ili nesi aamini? Unamwosha kwanza, ndipo unasema, anaharisha."

Hilo lilikuwa kweli. Lusia mwenyewe alikuwa amelea watoto hivyo, na hakuna nesi aliyewahi kumbishia. Tena alikuwa na hamu ya kulala. Akakaa kwenye kigoda, akaegemeza kichwa kwenye magoti ya mkwewe.

Bernadina hakuwahi kung'oa vizuri kama siku ile. Aliigeuza ngozi, akafuata ukingo kutoka kwenye pua kuelekea sikioni, na aliyoikosa alirudi akaitafuta. Zile fupi kama ncha ya sindano alizishika kwa kucha na majivu. Lusia alisikia kila moja ikitoka. Kisha akamwosha kwa maji ya chumvi, akampaka mafuta usoni, akamwambia apepese. Akapepesa. Hakuna kilichokwaruza. Alipepesa tena na tena, kama mtoto anayechezea mlango mpya.

"Wabeja, ng'wanawane," akamshukuru.

Asubuhi aliiona barabara. Aliona mbuzi wamesimama juu ya kichuguu. Aliona mtu anakuja na baiskeli, na kabla hajafika alijua kwamba ni mwalimu mkuu.

Kwenye benchi la zahanati Paskazia alimtazama juu mpaka chini.

"We Lusia! Kitenge kipya, jicho safi kama maziwa. Unaolewa?"

"Na daktari."

"Mwache huyo, ni wa kwangu. Mimi ndiye niliyepona, wewe utampikia kwa jicho gani?"

Benchi zima likacheka. Lusia naye akacheka. Watu walimtazama usoni na hawakuondoa macho haraka. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akasogea, akampa nafasi.

Daktari aliitwa Feisal. Alikuwa kijana, Kiswahili chake cha pwani, mikono yake baridi. Alimsalimia shikamoo vizuri, akamkalisha kwenye kiti mbele ya dirisha. Magesa alisimama nyuma yake amevaa fulana mpya ya kampeni, bado ina mikunjo ya kukaa kwenye mfuko.

Daktari akamulika. Akanyanyua ngozi ya jicho kwa kidole.

"Tazama juu, bibi. Chini. Pepesa. Kuna kitu kinakwaruza?"

"Leo hakikwaruzi."

"Safi sana."

"Zimeng'olewa jana, baba."

Daktari akasimamisha taa. "Zimeng'olewa?"

"Hawa wanang'oa hata zisizo na kosa, daktari," Magesa alisema. "Mazoea. Kama wewe unavyonyoa ndevu."

Daktari akainama tena. Alitazama kwa muda. Lusia alihisi pumzi yake, ilikuwa ina harufu ya chai ya tangawizi. Alikuwa amefumbua jicho lile kwa nguvu zake zote ili mizizi ionekane.

"Hapa ngozi imepungua," daktari alisema, kama anaongea na taa. "Na hapa kuna alama." Akanyanyuka. Nje dereva alikuwa anapiga honi. Kulikuwa na kata nyingine siku hiyohiyo. "Bibi, mimi nimeagizwa kumchukua ambaye kope yake inagusa jicho. Kwako sioni inayogusa."

"Zitagusa zikiota."

"Zikiota, rudi."

"Nirudi wapi, baba?"

Daktari akamgeukia Magesa.

"Hapahapa," Magesa alisema. "Nesi Hosiana yupo kila siku."

Hapo ndipo Bernadina alipoingia. Alikuwa amesikilizia mlangoni. Alipiga goti, akaongea haraka, Kisukuma na Kiswahili vikapandana.

"Ni mimi, daktari. Ni mimi niliyezing'oa, jana, zote, yeye alikataa. Nilitaka tu aje anapendeza. Njoo kwetu uzione, nimezitupa hapo mlangoni."

"Kwa hiyo umefanya kazi ya daktari," Magesa akasema. "Twende tukuombee ajira?"

Waliokuwa dirishani wakacheka. Bernadina naye alicheka, mkono mdomoni, bado amepiga goti. Daktari hakucheka. Alivua glavu, akatafuta pa kuzitupa, akazitia mfukoni mwa koti lake.

Waliochukuliwa na gari walikuwa wanawake wawili wa kijiji cha pili. Walikuja na macho yanayovuja, nguo zao zimelowa kifuani, nzi wanawafuata. Watu waliwapisha njia walipokuwa wanapanda.

Magesa aliwafikia Lusia na Bernadina kwenye mti wa mkungu karibu na lango. Safari hii hakuwa na sauti ya kuwachekesha watu.

"Bibi, usinielewe vibaya. Kata hii imebaki kidogo itangazwe. Vikope vimekwisha. Wakiondoka wengi kwenda kurudiwa, wanasema kazi haikufanyika, na kazi ilifanyika. Wewe mwenyewe si ulilala pale darasani ukashonwa?"

"Nilishonwa."

"Basi. Tusiharibiane."

Kope ziliota tena kabla michembe haijakauka juani. Bernadina aliziona, akaenda kuchukua kibano. Lusia aliushika mkono wake.

"Ziache."

"Zitakukwaruza, mayu."

"Ziache zionekane. Mara hii nataka waziguse kwa vidole."

Akakaa na kope zake. Alikwenda zahanati nazo, Bernadina akimshika mkono, khanga imefunika uso mpaka puani. Nesi Hosiana alimtazama, akabana midomo, akampigia mtu simu mbele yao. Aliongea, akasikiliza, akaongea, akasema haya, akakata.

"Wanasema huku wamefunga."

"Wamefunga nini?" Bernadina aliuliza.

"Kata. Imekwisha. Timu imehamia wilaya nyingine."

"Na hizi?"

Hosiana akamwangalia Lusia tena. Alikuwa mwanamke mzuri, mwenye mimba kubwa, amechoka. "Hizi ni mabaki tu, bibi. Kuna watu watapita kabla ya sherehe ya kuitangaza kata, sijui lini. Wakipita nitakuita wa kwanza. Au uende mwenyewe hospitali kubwa." Akafungua kabati, akatafuta dawa ya macho ya kupaka, akafunga kabati. "Dawa imeisha. Osha kwa maji safi."

Mayala alitumiwa habari. Alijibu kwamba duara limejaa maji, wanasubiri pampu, pampu ikifika wakitoa mawe atamleta mama mwenyewe hospitali, asubiri. Mbuzi walikuwa wameshauzwa kununulia mahindi, na nauli haikuwepo. Kwa hiyo walisubiri pampu, na walisubiri watu watakaopita.

Bernadina alimsihi. Alimfuata na kibano mpaka kitandani.

"Nitoe mbili tu. Zile za katikati."

"Hosiana akiita leo?"

"Hataita leo."

"Uliniambia ataona mizizi," Lusia alisema. Alisema bila hasira, kama mtu anayekumbushia mahali jembe lilipowekwa.

Bernadina akakiweka kibano juani dirishani. Hakukishika tena.

Kupepesa kukawa kazi. Baadaye hakukuwa na tofauti kubwa kati ya kupepesa na kutopepesa. Lusia alikaa ukutani. Watoto walimletea uji, wakauweka mbali kidogo na yeye kisha wakausukuma. Paskazia aliacha kupita kuomba moto. Alisema amenunua kiberiti. Siku moja Lusia aliuliza kama jua limetoka, Bernadina akatazama nje, kulikuwa kweupe pe, akasema bado kuna mawingu. Akaja akamshika kidevu, akamgeuzia mlangoni. Palipokuwa na kiini cheusi palikuwa na rangi ya uji wa mhogo.

"Maumivu yamepungua," Lusia alisema.

"Ndiyo, mayu."

Hosiana aliita. Ilikuwa siku ya sherehe yenyewe. Hakukuwa na watu waliopita kabla.

Kwenye uwanja wa shule kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, spika na ngoma mbili za vijana wanaocheza na nyoka. Bernadina alimvalisha Lusia kitenge, lakini usoni hakumgusa. Jicho liliachwa lilivyo, na kope zake zote, na ute wake. Walipita katikati ya watu. Watu walinyamaza walipofika karibu, wakaongea walipopita. Lusia alisikia ukimya ule unatembea pamoja naye mpaka mbele.

"Yuko wapi daktari?" alikuwa anauliza. "Nielekeze kwa daktari."

Magesa aliwaona. Alikuja haraka, suti nyeusi, jasho shingoni.

"Bibi Lusia! Karibu. Wewe ni wa viti vya mbele." Akamshika kiwiko.

"Baba, zimeota. Tazama. Nimeziacha."

"Nimeziona, bibi. Nimeziona." Alikuwa anatafuta kitu kwenye boksi. "Kwanza hii zawadi. Akina mama wote waliopasuliwa wanapewa." Akamvisha miwani nyeusi, akaisukuma ikakaa vizuri puani. Ilikuwa bado na karatasi ya duka kwenye kioo kimoja. Akaibandua.

"Daktari ataona vipi na hii?" Bernadina alisema.

"Shemeji, wewe upo nyuma ya kamba. Walioalikwa ndio mbele."

Mgambo akamrudisha Bernadina nyuma ya kamba. Alimwita mama mkwe wake mara moja, ngoma zikalimeza jina.

Lusia aliketishwa. Kiti cha kando kilikuwa cha Paskazia. Aliijua harufu ya tumbaku yake ya kunusa.

"Paskazia, daktari yuko upande gani?"

"Hakuna daktari hapa. Kuna wakubwa tu."

"Yule wa pwani?"

"Nimekwambia hakuna. Nyamaza, wanaanza."

Mkubwa mmoja aliongea. Alisema mapambano, alisema historia, alisema kata ya mfano. Sauti ya spika ilitoka kushoto na kulia kwa pamoja, kwa hiyo Lusia hakujua amsikilize nani wala ageuze uso wapi. Aliugeuza taratibu huku na huku, akitafuta palipo na mtu. Mkubwa akasema, kabla ya kukata utepe, angependa kuwaona akina mama wenyewe. Akina mama waliokuwa gizani. Walioponywa hapo mbele wanyooshe mikono, wananchi wawaone.

Plastiki ikalia, viti vikasogea. Lusia alisikia bangili za Paskazia zikipanda juu. Yeye akabaki na mikono mapajani.

Halafu vidole vikamshika kifundo cha mkono toka nyuma. Vilikuwa vidole vya mtu mwenye jasho. Vikauvuta mkono juu, taratibu, kwa adabu, mpaka ukanyooka.

Makofi yakaja. Yalikuwa mengi, vijana walipiga na ngoma. Vidole vikamwachia. Mkubwa akashukuru, makofi yakapungua, yakaisha, akaanza kuongea juu ya barabara. Bangili za Paskazia zilikuwa zimeshashuka, lakini zilishuka wakati wa kelele. Mbele ya watu wote, chini ya turubai, Lusia alibaki ameunyoosha mkono, uso wake na miwani yake vimeelekea kwenye spika, anangoja mtu amwambie kwamba wenzake wameshusha.